Kaburi Nje ya Mita Sitini

Baba Paroko, mndewa na mkuu wa ukoo wetu Mzee Halidi, mwenyekiti wa kijiji, majirani wa Lubasa, na wageni mliopanda mlima huu na viatu vya mjini, wakubwa shikamooni, na nyote kwa ujumla poleni. Mimi ni Oscar, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na ukoo umenituma nisome historia ya dada yetu Magdalena Lukasi, aliyetutoka siku ya Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, ambaye leo Ijumaa tarehe 13 tunamsindikiza.

Kabla sijaanza, familia inajua mnachonong'ona. Tangu jana mchana, lilipoanza kuchimbwa kaburi shambani kwa Bi Mwamvita, huku juu kwenye mihogo, watu wameuliza imekuwaje kifungua mimba wa Mama Sesilia asilazwe kule chini chemchemini, alikolala mama yake, na bibi yake, na mama wa bibi yake, na wapo walioshajijibu wenyewe kwamba ukoo umemtupa kwa sababu ya yale mambo ya vigingi. Ukoo haujamtupa. Aliyekataa kulala chemchemini ni yeye mwenyewe, na sisi tumetii huku roho zinatuuma, kwa hiyo naomba msikilize mpaka mwisho, maana sababu yake imo humu humu katika maisha yake, na ninawaomba watani wetu, hasa Mzee Stambuli ambaye namwona bado ameng'ang'ania futi kamba yake, wanivumilie kidogo.

Marehemu alizaliwa hapa Lubasa, katika milima ya Kinole, siku ya Ijumaa tarehe 22 Julai 1960, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Maria Magdalena, hivyo padre wa wakati ule hakupata shida ya kumtafutia jina. Alikuwa wa kwanza katika watoto sita wa Mzee Lukasi na Mama Sesilia, na kwa kuwa sisi Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na ardhi nayo ni ya lukolo, Magdalena alizaliwa akiwa tayari ana haki yake katika bonde la kijito cha Kizagila, kuanzia chemchemi inapotokea chini ya mwamba hadi kwenye daraja la magogo. Huko ndiko wanawake wa ukoo wetu walikolima magimbi na mboga wakiwa hai, na huko huko ndiko walikorudishwa wakifa, hata wale waliokuwa wameolewa mbali, hata wale waliokuwa wamegombana na ndugu zao.

Utotoni alimsaidia mama kubeba machungwa na pilipili manga hadi gulioni, na ni gulioni hapo alipoanza ubishi ambao haukumtoka mpaka anakufa. Wanunuzi kutoka mjini walikuja na magunia yao, wakajaza gunia mpaka mdomoni, kisha wakalivisha kilemba cha machungwa mengine juu yake na kulishona na kamba, lumbesa mnayoijua wote, na bei ikabaki ile ile ya gunia moja. Mama alinung'unika kila siku ya gulio na kila siku ya gulio aliuza, kwa kuwa machungwa hayapandi tena mlima, na siku moja Magdalena, akiwa hata darasa la tatu hajafika, akamuuliza mnunuzi mbele ya watu kwamba kile kilemba cha juu kinalipwa na nani. Mnunuzi alicheka, mama akampiga kofi la mgongo kwa utovu wa adabu, na dada alikuwa akisimulia kisa hicho hadi uzeeni, tena kwa hasira kana kwamba kimetokea jana.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akafaulu kwenda Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala, mjini Morogoro, mwaka 1975 hadi 1978, akamalizia kidato cha tano na cha sita huko Tabora mwaka 1981, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na baada ya kufanya kazi ndogo ndogo za kilimo akajiunga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984, alikohitimu shahada ya uchumi wa kilimo mwaka 1988. Baba yetu, aliyekuwa kijana mwaka ule wa 1955 Waluguru walipoyakataa matuta ya kuzuia mmomonyoko waliyolazimishwa na mkoloni kuyachimba, hakuifurahia sana shahada hiyo, akasema wasomi wa udongo anawafahamu. Dada alimjibu kwamba ndiyo sababu ameisomea, kwani mkoloni naye alipiga hesabu nzuri ya udongo unaookolewa, alichokisahau ni kuhesabu mgongo wa mwenye jembe, na baba akamsogezea kigoda aketi, jambo ambalo kwa baba lilikuwa ni pongezi kubwa.

Siku ya Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1988 aliajiriwa kama mchumi katika ofisi moja ya umma inayoshughulika na maji, ambayo familia imeona si adabu kuitaja msibani, kwa vile baadhi ya waliomkera wameketi kwenye viti vya mbele na chai yetu wameinywa. Mama alimuuliza kazi yenyewe ni ya namna gani, naye akaeleza kwamba serikali ikitaka kulinda mto au msitu, yeye anatazama nani atapata nini na nani atapoteza nini, anaweka huku, anaweka kule, kisha anasema upande upi umezidi uzito. Mama akamwambia, "Na hilo nalo wanakulipa mshahara?" Watani hawakuchelewa, wakambatiza jina la Mama Mizani kabla hata hajawa mama wa mtu, na jina hilo likamkaa kuliko lile la padre.

Jumamosi tarehe 25 Novemba 1989 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Amani, mzaliwa wa Dakawa, mtoto wa wakulima wa mpunga, watu wa tambarare ambao maji yakipungua mashambani huilaumu milima kabla hawajaitazama mifereji yao. Walijenga Kihonda, na Mungu akawajalia watoto wawili, Catherine mwaka 1991 na Evance mwaka 1994, ambao walikulia katika nyumba ambamo chakula cha jioni kiliambatana na mjadala, baba akitetea watu wa chini, mama akitetea watu wa juu, na wali ukipoa katikati yao. Mwalimu Amani alitangulia mbele ya haki tarehe 6 Mei 2015, na dada alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakupata tena mtu wa kubishana naye kwa heshima.

Sasa nafika kwenye vigingi, na naomba mniwie radhi kama sauti yangu itabadilika. Mwaka 2006, baada ya ukame ambao kila mtu mzima hapa anaukumbuka, kijito cha Kizagila kilikauka mwezi wa Septemba, jambo ambalo wazee walisema hawajapata kuliona, na mjini nako mabomba yakawa yanakoroma tu. Ofisi yake ilitakiwa kuamua la kufanya na milima hii, na walikuwapo wakubwa waliotaka watu wote waondolewe mitelemkoni, na walikuwapo wanasiasa waliotaka asiguswe mtu mpaka uchaguzi upite, na dada yetu akapewa kazi ya kupima. Alizunguka milima hii mwaka mzima, aliingia kila bustani, aliuliza nani anakula nini kutoka bondeni, na akaandika kwamba kuwafukuza watu wote ni kuleta maji mjini na njaa mlimani, na kuacha mambo yalivyo ni kuua mto, kwa hiyo zifuatwe zile mita sitini kila upande wa maji ambazo sheria inazitaka, kwa sharti kwamba watu wa chini wanaokunywa maji hayo wachangie kila mwaka fungu la kuwafidia watu wa juu walioacha mabonde yao. Aliandika wazi kwamba bila fungu hilo hesabu haifungi, kwamba faida inakuwa kubwa kuliko hasara kwa wale tu ambao hawakupoteza kitu.

Ripoti yake ilikuwa na miguu miwili. Wakubwa waliipokea, wakaisifu, wakakata mguu mmoja, wakaambizana kuwa inatembea.

Katika kikao cha Alhamisi tarehe 14 Februari 2008 lilijitokeza pia suala la makaburi, kwa sababu chemchemi yetu na wafu wetu vilikuwa ndani ya mita sitini, na kaburi jipya lisingeruhusiwa tena. Mtaalamu mmoja mgeni alimweleza dada kuwa makaburi ya ukoo hayana bei sokoni, hivyo mahali pake kwenye jedwali la hesabu paachwe wazi, na palipoachwa wazi, kwenye kujumlisha, pakahesabiwa kuwa si kitu. Dada akamwambia, "Kukosa bei si kukosa thamani, kaka yangu, hata mama yako hana bei," na akaambiwa asilete mambo ya kwao kazini. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akarudi, akasaini, kwa sababu alijua asiposaini itachukuliwa hesabu ya wale wanaotaka mlima wote uhamishwe, na jambo hilo la kusaini lilimnyima usingizi miaka mingi.

Jumatatu tarehe 2 Juni 2008 vigingi vya zege vilipandwa kando ya Kizagila. Aliyepoteza zaidi ni Bi Mwamvita, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ambaye si wa ukoo wetu wala wa sala yetu, lakini ndiye aliyekuwa na bustani nzuri kuliko zote, mchicha, magimbi, migomba na miwa, na vyote vilikuwa kwenye maji, akabakiwa na kipande hiki cha mihogo huku juu kwenye mawe. Siku ile alisimama kwenye kigingi, akasema mbele ya maofisa, "Magdalena, haya maji yanakwenda kunywewa na watu hata jina langu hawalijui, je, mimi na wanangu tutakula nini?" Wenzake walimsubiri dada atoe jibu la kitaalamu, naye akasema tu kwamba fidia itakuja. Fidia hiyo, ndugu waombolezaji, mpaka ninaposoma karatasi hii haijafika, na yule mwanamke alilea watoto wanne kwa mihogo ya mawe na kwa kuponda kokoto barabarani.

Ukoo nao haukukaa kimya. Mndewa wetu alinituma Kihonda nimwombe dada akisogeze kigingi kimoja tu, kile cha penye mwamba, ili mama na bibi zetu wabaki nje ya mpaka na sisi tuendelee kuzikana pale kama ilivyokuwa siku zote, kwani kamba alikuwa ameishika yeye, na hakuna ambaye angejua. Nilimkuta anapepeta mchele. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Oscar, nikikisogeza kwa ajili ya mama, Mwamvita nitamtazama kwa jicho gani?" Nilimwambia Mwamvita si ndugu yake, akaniambia nirudi mlimani giza lisinikute njiani, na nilipogeuka pale mlangoni niliona anafuta machozi kwa upande wa khanga. Krismasi mbili zilipita ndugu hawamsemeshi, anakuja, anasalimia, anakula peke yake jikoni na watoto, anaondoka.

Tuko mbele ya jeneza, kwa hiyo tuseme kweli. Dada alikuwa sahihi kuhusu maji. Kufikia mwaka 2012 miti ilikuwa imefunga bondeni, kijito hakikukauka tena mwezi wa Septemba wala wa Oktoba, na hata leo mkitoka hapa mkainamisha masikio mtakisikia. Na hilo ndilo linalotukera kuliko yote, kwa sababu kama angekosea tungemlaumu tukapumzika, lakini alipima vizuri, mlima ukatoa, mji ukapokea, na mkono uliopokea haukurudi kamwe kusema asante. Kila mwaka aliikumbusha ofisi yake kuhusu ule mguu wa pili, na kila mwaka alijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na wakubwa walipobadilishwa alianza upya na wapya, akaeleza tena kuanzia mwanzo, mpaka vijana wa ofisini wakawa wakimwona anakuja na faili wanakumbuka kwamba wana safari.

Alistaafu kwa heshima tarehe 22 Julai 2020, akitimiza miaka sitini, akapewa cheti na godoro. Tulidhani sasa atapumzika, atakuja Lubasa kula machenza na kugombana na watani, lakini mwaka uliofuata akaja mwekezaji wa nyumba za wageni, akaonyeshwa bonde letu, akalipenda, na kibali kikatoka ajenge ndani ya vigingi, hatua chache juu ya chemchemi, pamoja na bwawa la kuogelea linalojazwa na maji yale yale. Waliotoa kibali walipoulizwa, walisema naye amepimiwa gharama na faida, kwamba faida ni ajira, utalii na kodi, na gharama hakuna, kwa sababu eneo ni wazi na halina watu. Halina watu! Lilikuwa wazi kwa sababu Mwamvita aliondolewa, na kijani kile wageni watakachokuja kukipiga picha ndicho kilichowanyima wanawe mboga, na jasho lote la miaka kumi na mitatu la watu wa hapa likawa ni sifa ya kiwanja cha mtu mwingine.

Dada alisema hiyo ni lumbesa, gunia tumelijaza sisi na kilemba kimevikwa na mwingine, bei ile ile. Alipanda mlima kwa miguu yake iliyokuwa imeshaanza kuvimba, akaketi na Bi Mwamvita, na mwezi Machi mwaka 2022 wawili hao waliwasilisha malalamiko dhidi ya kibali kile. Kikao cha kuwasikiliza kimeahirishwa mara afisa kasafiri, mara mvua, mara gari halina mafuta, na sasa kimepangwa Jumatano tarehe 9 Oktoba mwaka huu, na hoja yao ni nyepesi kiasi kwamba hata mtoto anaielewa, kwamba mpaka ni mpaka kwa wote, ama mwekezaji atoke, ama Mwamvita arudishiwe bustani yake.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na tatizo la figo mwezi wa Agosti 2022, akatibiwa Morogoro, akahamishiwa Dar es Salaam, na tangu mwaka jana alikuwa akisafishwa damu kila wiki, akisindikizwa na Catherine, aliyeacha biashara yake Dumila ili amuuguze mama yake. Hakuwa mgonjwa mpole. Aliwabishia madaktari, alitaka kujua kila dawa inaongeza nini na inapunguza nini, na daktari mmoja kijana alituambia kwamba alikuwa akijiandaa kabla ya kuingia wodini kwake kama anayekwenda kwenye mtihani.

Jumapili tarehe 16 Juni mwaka huu, alipoona hali inazidi, aliita ukoo nyumbani kwake Kihonda. Mndewa wetu Mzee Halidi alianza yeye, akasema yale ya zamani yamekwisha, dada ni mtoto wa lukolo, atalazwa kwa mama yake, na kuhusu mpaka, mpaka gani tena wakati mtu amepewa kibali cha kuogelea ndani yake, na hata kiongozi wa kijiji ameahidi kwamba siku hiyo atafumba macho. Sisi sote tulishukuru, wengine tukalia kwa furaha, maana tulikuwa tumeusubiri upatanisho huo tangu vigingi vipandwe. Dada alimshukuru mjomba wake, akamshika mkono, kisha akakataa. Alisema, "Mjomba, mkinizika pale, siku ya kikao wakili wa mwekezaji atasimama aseme hata Mama Mizani mwenyewe amo ndani ya mita sitini, na Mwamvita atashindwa kwa ajili ya maiti yangu." Mndewa alikasirika, akamwambia mwanadamu hawezi kujipima hadi kaburini, dada akamjibu kwamba wengine wamepimiwa kila siku ya uhai wao bila kuulizwa, basi na yeye apimwe mara hii moja. Mzee alichukua fimbo yake akaondoka, na alipofika njia panda akarudi, akakaa, akasema haya, na iwe hivyo.

Ugumu ulikuwa kwamba huku juu ukoo wetu hauna hata tuta moja, ardhi yetu yote ni lile bonde. Dada alisema azikwe makaburi ya mjini, Kola, na mndewa akasema mtoto wa lukolo halazwi katikati ya wasiomjua, na jambo hilo lilikuwa halijaamuliwa Jumanne tarehe 10 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, alipokata roho akiwa na Catherine na Evance. Jumatano Bi Mwamvita aliingia msibani, akampa mkono mndewa, akamwambia mbele yetu, "Shamba langu la mihogo liko nje ya vigingi, mlazeni pale. Kule bondeni nilitoa kwa kulazimishwa, hapa natoa mwenyewe." Mzee Halidi alimwuliza anataka nini, kwa maana kwa mila yetu ardhi ya ukoo mwingine haichukuliwi mikono mitupu, na yeye akasema hataki kitu, hata kuku hataki, akakaa chini na wanawake wenzake akaanza kumenya viazi.

Mimi si mchumi, ndugu zangu, lakini tangu Jumatano nimejaribu kuipiga hesabu hii na inanishinda. Aliyelipa mwaka 2008 ni Mwamvita, na anayelipa leo ni Mwamvita, na hata huyu aliyetumia maisha yake kutetea kwamba gharama zigawanywe, mazishi yake mwenyewe gharama imekwenda kuangukia pale pale, kwa mwenye kipande kidogo kuliko wote. Inachosha. Inatia hasira mpaka mtu anakosa wa kumkasirikia, kwani marehemu amelala, na Mwamvita ametoa kwa moyo, na wengine wote wana barua za kuonyesha kwamba walifuata utaratibu.

Watani wetu leo asubuhi nao walifanya yao. Mzee Stambuli alishuka hadi kijitoni na futi kamba, akapima kurudi juu, akiinua magoti kama dada alivyokuwa akitembea, akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, kisha akapaza sauti kutoka mle ndani, "Sitini na saba! Mama Mizani, umezidisha saba, rudisha chenji!" Watu walicheka, na mimi nilicheka hadi nikalazimika kwenda nyuma ya nyumba. Mzee Stambuli, jogoo wako utapewa, na familia inakushukuru, kwa kuwa sasa imeshuhudiwa na watu wote, wakiwemo wale wa viti vya mbele, kwamba kaburi la dada yetu liko nje ya mpaka.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Morogoro na Dar es Salaam waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, Baba Paroko na kwaya, majirani wa Kihonda waliokesha nasi, majirani wa Lubasa mliobeba jeneza kutoka pale gari lilipoishia, Waislamu kwa Wakristo, mkipokezana begani kama mliozaliwa pamoja. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliokuja na basi zima na rambirambi yao, na tunawaomba kwa heshima zote kwamba mkirudi ofisini msituandikie tena kuwa suala linafanyiwa kazi.

Bi Mwamvita, wewe hatuna namna ya kukushukuru, na mndewa ameniagiza nitamke mbele ya watu kwamba kuanzia leo watoto wako ni watoto wa lukolo letu, kwa shida na kwa raha, na kwamba tarehe 9 Oktoba hutakwenda kule kikaoni peke yako, tutashuka nawe ukoo mzima, mwenye nauli na asiye na nauli.

Dada Magdalena, umelala mbali na mama yako ili asipatikane mtu wa kusema kwamba mpaka uliuvunja wewe. Hakuna aliyeipima gharama hiyo, ila sisi tunajua uzito wake, tumeubeba kutoka bondeni mpaka hapa. Pumzika kwa amani.